Wakuu wa Mwanza: MiG za vita vya Kagera ziliishia wapi, na moja inaweza kufufuliwa?

#1 Nyamagana_Juu

Mwangaluka wakuu.

Nina hoja na swali. Wakati wa vita vya Kagera ndege zetu za kivita, hizi MiG za asili ya Kirusi, zilikuwa zinaruka kutoka hapa hapa Mwanza. Tarehe 29 Machi 1979 Gaddafi akamsaidia Amin kwa kutuma Tu-22, ndege kubwa ya mabomu ya Warusi, ije kuupiga mji. Ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua swala.

Sasa MiG zetu za wakati ule ziko wapi? Sijawahi kuona hata moja imewekwa mahali ambapo raia au mtoto wa shule anaweza kuisogelea akaigusa. Wazungu wanaokota mabaki ya ndege ya 1940 wanayakarabati mpaka inaruka tena, sisi tumeshindwa hata kuipaka rangi moja tukaisimamisha kwenye kipilefti?

Msimamo wangu: zimeuzwa chuma chakavu. Anayepinga aje na hoja.

#2 Mpiga_Karabai

Nimevuta kiti. Ngoja waje wenyewe.

#3 FundiBati_Igogo

Zimeliwa, mkuu. Huenda wewe mwenyewe umeshakula ubwabwa uliopikwa ndani yake.

Aluminiamu yote iliyokufa ya ukanda huu inaishia kwetu mafundi. Bloku za injini, rimu, nyaya za umeme, yote inayeyushwa, inamiminwa kwenye mchanga, inatoka sufuria. Miaka ya nyuma nililetewa mabati yenye vitundu vimepangwa mstari kama yameshonwa kwa cherehani, na ndani yana rangi ya kijani. Nilipojaribu kulikunja moja likakatika. Bati la kawaida linakunjika, lile lilikuwa na kiburi. Sikuuliza limetoka wapi, kwenye kazi yetu ukiuliza sana huletewi tena.

#4 Ukweli_Mchungu

Chai hiyo. Jeshi haliuzi ndege ya kivita kwa kilo. Na rangi ya kijani kwa ndani ni ya kuzuia kutu tu, hata ndege ndogo za abiria na za kunyunyizia dawa mashambani zinapakwa hiyo.

#5 FundiBati_Igogo

@Ukweli_Mchungu soma tena. Sijasema jeshi liliuza, nimesema nililetewa.

#6 Rada_ya_Pasiansi

Mleta mada ameanza vizuri ila tuweke mambo sawa kabla uzi haujaota mapembe.

Jeshi letu la anga halikuanza na MiG. Miaka ya sitini Wajerumani wa Magharibi ndio walianza kutusaidia, wakaondoka baada ya ugomvi wa Wajerumani wa Mashariki kuwa na ofisi yao ya kibalozi Zanzibar. Wakaja Wakanada na ndege za usafirishaji, Otter na Caribou. Jeti za kivita zikaja miaka ya sabini, kwanza kutoka China, F-5 na F-6, halafu MiG-21 kutoka Urusi. Kwa hiyo ukisema "MiG za Kagera" unazungumzia aina tatu tofauti, na kila moja ina kifo chake.

Maoni yangu ni kwamba hazikuuzwa. Zimechoka zikiwa ndani ya uzio. Jeti ya kivita umri wake unahesabiwa kwa saa za kuruka, na injini za kizazi kile, hasa hizi zilizotengenezwa China, zilikuwa za kushushwa kila baada ya saa chache mno. Injini ikikosekana, ndege inaegeshwa. Ikiegeshwa inang'olewa kipuri kimoja kuisaidia nyingine. Baada ya muda unabaki na ganda.

#7 Kisumu_Dala

Jirani zetu hamjambo. Hiyo F-5 hata sisi Kenya tuko nayo, ilikuja 1978 kutoka Marekani. Kwani nyinyi mliipata wapi kwa Mchina?

#8 Rada_ya_Pasiansi

@Kisumu_Dala hizo ni ndege mbili tofauti kabisa. Yenu ni Northrop ya Marekani, injini mbili, pua kama sindano. Yetu ni jina ambalo Mchina alilipa ndege yake ya kuuza nje, na ukiivua jina ni MiG-17: injini moja, tundu la hewa puani, mbawa zimelala nyuma. F-6 nayo ni MiG-19 ya Kichina. Cha kuchekesha, injini ya MiG-17 ukoo wake ni Rolls-Royce Nene, ambayo Waingereza wenyewe waliwauzia Warusi 1946.

#9 Kisumu_Dala

Sawa mwalimu. Kumbe mlikuwa mnaruka na Muingereza aliyevaa nguo ya Mchina.

#10 Dada_Kitangiri

Mimi siyajui ya vita, nauliza la ufundi. Tuseme ganda limepatikana, limekaa kwenye majani miaka arobaini. Inawezekana kweli kulirudisha? Au hizo video za mtandaoni ni mbwembwe?

#11 Mhimili_wa_Bawa

Dada @Dada_Kitangiri hili ndilo swali. Mimi ni fundi wa ndege, nipo nje ya nchi, na tuna kijikundi kinachokarabati ndege za zamani siku za mapumziko. Nitaeleza kwa urefu, mnisamehe.

Kuna kazi mbili na watu wanazichanganya. Kurudisha ndege ionekane, na kurudisha ndege iruke. Tofauti yake kwa gharama haielezeki.

Ya kuonyesha kwanza. Kabla hujagusa msasa, unaiua. Jeti ya kivita ina kiti cha kumrusha rubani, na chini ya kiti kuna baruti. Watu wamepoteza maisha kwenye mahanga, yale mabanda ya kuegeshea ndege, kwa kuvuta mpini wa kiti cha ndege iliyokwishastaafu. Kwa hiyo baruti inatolewa na mtu mwenye kibali, si fundi wa gereji. Halafu saa na mita za ndege za zamani: namba zake zilipakwa rangi yenye rediamu ili zing'ae usiku. Haing'ai tena lakini mionzi ipo, na ukiikwangua ukavuta unga wake umejitafutia ugonjwa. Unamwaga mafuta na haidroliki yote. Hapo sasa ndipo unaosha.

Kutu ya ndege si nyekundu. Aluminiamu ikioza inatoa unga mweupe, na mbaya zaidi inaoza kwa matabaka, bati linavimba kama kurasa zilizolowa. Pale chuma kinapogusana na aluminiamu, unyevu ukiingia katikati, aluminiamu ndiyo inaliwa. Rimu na baadhi ya maganda ya gia ni magnesiamu, hiyo inapotea kabisa. Unakata palipooza, unaweka kiraka, unapiga ribiti (vile vipini vya kubana mabati), unapaka praima. Rangi ya mwisho unaitafuta kwa kukwangua taratibu tabaka kwa tabaka mpaka uikute ya awali, usinunue tu kijani dukani. Watu kumi wenye moyo, hanga lenye paa na pampu ya hewa, inawezekana.

Ya kuruka ni habari nyingine. Hapo hakuna kuamini kitu kwa macho. Kila kiungo kinashuka. Mihimili ya mbawa inapigwa picha ya eksirei, au inapakwa rangi ya kupenya halafu inamulikwa kwa taa maalumu ili nyufa zionekane. Kila bomba la mpira linatupwa hata kama linaonekana jipya. Injini inafunguliwa yote. Halafu unahitaji karatasi: kila bolti limetoka wapi, nani kalipima, lini. Ndege isiyo na karatasi ni sanamu.

#12 Mpiga_Karabai

Hapo kwenye rediamu nimeinuka nikaangalia ile saa ya babu ukutani.

#13 MzeeWaMwaloni

Vijana nawasoma. Mnatafuta ndege ndani ya uzio wa jeshi, ziwani je? Nimevua tangu ujana. Kuna mahali upande wa nje wa Ghuba ya Speke wavuvi wa zamani hawatupi nyavu, zinang'ang'ania na zinarudi zimechanika kwa kukatwa, si kwa kuraruka. Tuliambiwa ni ndege ya vita. Wengine walisema ni ya vita vya Mjerumani, wengine ya Amin.

#14 Ukweli_Mchungu

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, ziwa limejaa miamba. Mwamba wa Bismarck unaonekana kwa sababu umetoa kichwa, zile ambazo hazijatoa kichwa ndizo zinakula nyavu.

#15 MzeeWaMwaloni

Marahaba. Mwamba naujua mwanangu. Mwamba unararua.

#16 Mhimili_wa_Bawa

Shikamoo mzee wangu. Sisemi ipo wala haipo, ila hoja ya ziwa ina maana kubwa kitaalamu, maana maji baridi yasiyo na chumvi huhifadhi ndege kuliko bahari.

Mfano Lake Michigan, Marekani. Wakati wa vita vya pili walifundishia marubani wa jeshi la majini humo, kutua juu ya meli. Ndege zaidi ya 100 zikazama. Zilizotolewa baadaye, baadhi zilikuwa na rangi yake bado na zipo kwenye makumbusho leo. Norway, kwenye ziwa Mjøsa, walitoa Halifax, ndege ya mabomu ya Waingereza, mwaka 1995 kutoka kina cha zaidi ya mita 200, ikapelekwa Kanada na sasa imesimama nzima.

Linganisha na bahari. Mwaka 2013 Waingereza walitoa Dornier 17, ndege ya mabomu ya Wajerumani iliyoangushwa 1940 kwenye mlango bahari kati yao na Ufaransa. Chumvi ilikuwa imeingia kila mahali, ikabidi waiweke kwenye mahema na kuinyunyizia maji yenye asidi ya sitriki, ile ya kwenye limau, muda mrefu sana, ili kutu isiimalize ikikauka. Kutoa kitu majini ni siku moja. Kazi inaanza kikishaona hewa.

#17 Rada_ya_Pasiansi

Nakubaliana na nusu. Michigan na Mjøsa ni maji ya baridi kweli kweli, Victoria ni vuguvugu, nyuzi 24 au 25 hivi, na kina chake cha mwisho ni kama mita 80. Joto linaharakisha kila kitu. Ongeza matope na mizizi ya magugu maji. Ndege iliyokaa humo tangu 1979 nadhani injini utaikuta, bati utalikuta vipande vipande.

#18 Mhimili_wa_Bawa

Chini kabisa kwenye tope kuna hewa kidogo, na bila oksijeni kutu inapungua kasi. Iliyofukiwa inaweza kuwa nzima kuliko iliyolala juu ya mchanga. Siwezi kukubali haraka hivyo.

#19 Bk_Hamugembe

Kuhusu kutoa ndege ziwani, sisi wa Bukoba tuliona Novemba 2022. ATR, ndege ya abiria ya Precision Air, ipo mita chache kutoka nchi kavu, watu 19 wamekufa, na wananchi wanavuta kamba. Wavuvi ndio walifika kwanza. Kwa hiyo kabla ya kuota kuopoa MiG, tuwe kwanza na wazamiaji na mitambo ya kuokoa watu walio hai.

#20 Dada_Kitangiri

Umesema kweli. Mungu awapumzishe.

#21 Nyamagana_Juu

Amina. Narudi kwenye mada. @Mhimili_wa_Bawa, hao wanaorusha Spitfire, ya kivita ya Waingereza ya vita vya pili, ile ndege ni ile ile au ni mpya iliyoitwa jina la zamani? Nimesoma mahali wanachukua kibao chenye namba tu, mengine wanatengeneza upya.

#22 Mhimili_wa_Bawa

Umenigusa kwenye ugomvi wa kila wikiendi hangani kwetu. Ni kweli. Kuna zinazoruka ambazo kilichobaki cha zamani ni kibao cha namba na vipande vichache. Kisheria ndiyo ndege ile. Kuna wazee huku wanakataa kabisa kuziita hivyo. Kwangu mimi, ukitaka iruke lazima ukubali bati jipya, na ukitaka ushahidi wa historia iache na tundu zake za risasi isimame chini. Huwezi kupata vyote.

#23 Mpiga_Karabai

Sasa meli yetu MV Victoria je? Imeundwa Uskochi, ikaletwa vipande vipande ikaungwa Kisumu, ikaingia majini 1961. Ikafa. 2020 ikarudi na injini mpya, vyumba vipya, na jina jipya mbele. Nani hapa anasema si Victoria?

#24 Kisumu_Dala

Mimi nasema ni ya Kisumu. Rudisheni.

#25 FundiBati_Igogo

@Kisumu_Dala njoo na nauli.

#26 Rada_ya_Pasiansi

Meli haina kesi hapa. Meli ikizima injini inaelea unasubiri msaada. Ndiyo maana meli ya zamani inafufuliwa na mkandarasi, ndege inahitaji mamlaka ya anga ikubali, na hakuna ofisa atakayetia saini jeti ya miaka ya sitini ipite juu ya uwanja wa Kirumba siku ya mechi.

Kama ni gharama, tazameni Vulcan, ndege ya mabomu ya Waingereza. Waliirudisha angani Oktoba 2007 kwa michango ya umma. Iliwekwa chini Oktoba 2015 si kwa sababu imeharibika, bali kampuni zilizokuwa zinaibebea dhamana ya kiufundi zilijitoa. Nchi iliyoitengeneza yenyewe imeshindwa, sisi tutamwomba nani dhamana ya F-6?

#27 Mhimili_wa_Bawa

Na nyongeza ya huzuni: 1995 Wamarekani walikwenda Greenland kuifufua B-29, ndege yao kubwa ya mabomu, iliyotua kwenye barafu tangu 1947. Wakabadilisha injini zote nne, wakapeleka na matairi. Siku ya kuiondoa, ikiwa inatembea kwenye barafu ikitafuta kuruka, mafuta yakavuja kwenye jenereta ndogo ya nyuma, moto. Ikateketea mbele yao.

Lakini nyingine aina hiyo hiyo, waliyoiita Doc, ilikuwa imeoza jangwani ikapatikana 1987, wajitolea wa mji wa Wichita, Marekani, wakaishughulikia tangu 2000, ikaruka 2016. Wengi wao walikuwa wastaafu wa viwanda vya ndege. Hiyo ndiyo siri, si hela tupu. Mji ulikuwa na mafundi wenye muda.

#28 Ukweli_Mchungu

Mwanza tuna mafundi wenye muda, hawana kazi ndiyo maana.

#29 Entebbe_Kitooro

Salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Mnatafuta za kwenu, za kwetu je? Waisraeli walituchomea MiG usiku wa Julai 1976 pale uwanja wa zamani. Zilizobaki mlizikuta nyinyi Aprili 1979. Mzee wangu aliishi karibu na uwanja, anasema baadhi zilirushwa kwenda Mwanza. Kwa hiyo kama kuna MiG yoyote hapo kwenu, muangalie vizuri rangi ya chini.

#30 Bk_Hamugembe

Aisee. Kumbe tukikwangua tabaka kwa tabaka kama alivyosema fundi, tunaweza kumkuta Amin.

#31 Rada_ya_Pasiansi

Hiyo ya kurushwa Mwanza nimeisikia kwa idadi tofauti kila mara, kila mzee na yake. MiG-21 hairushwi na kila rubani aliyeikuta imeegeshwa, inataka mafuta, betri ya kuwashia, na mtu aliyefunzwa aina hiyo. Tulikuwa nao, hilo ndilo linanizuia kukataa moja kwa moja.

#32 Entebbe_Kitooro

Sisi angalau tumeweka ndege zilizokufa ufukweni, Aero Beach, watoto wanapanda wanapiga picha. Si za kivita zote na hazijakarabatiwa sana, jua na mvua vinazila. Lakini zipo.

#33 Nyamagana_Juu

Umenisaidia hoja. Sasa wazo: kama ikipatikana, isimame wapi?

#34 Bk_Hamugembe

Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa. Waliokufa wapo kule. Mwanza mtaiwekea meza za samaki choma chini ya bawa.

#35 Mpiga_Karabai

Na nyinyi mtaiwekea maelezo ya Kiingereza kirefu mpaka mgeni aombe maji.

#36 Bk_Hamugembe

Hahaha. Angalau yatasomeka.

#37 Dada_Kitangiri

Mimi nasema Saanane. Ndipo mabomu ya Gaddafi yalipoangukia, na wageni wanafika tayari. Tatizo ni unyevu wa ziwa, au siyo @Mhimili_wa_Bawa?

#38 Mhimili_wa_Bawa

Unyevu na kinyesi cha ndege wa majini. Usicheke dada, kinyesi kina asidi, kinakula rangi halafu kinakula bati. Popote itakapowekwa iwe chini ya paa. Ndege ya kuonyesha iliyowekwa juani juu ya nguzo ni ndege inayooza mahali pa juu. Matundu yote yanafunikwa, maana mbayuwayu akishajenga kwenye bomba la injini hutoki naye.

#39 FundiBati_Igogo

Mnajadili paa wakati ndege hamna. Nitengenezee mfano? Bati ninalo, vijana ninao. MiG-17 hiyo yenye tundu puani haina ugumu, ni pipa refu na mbawa mbili.

#40 Ukweli_Mchungu

Mfano wa bati si historia, ni bango la biashara.

#41 Rada_ya_Pasiansi

Afadhali mfano wenye vipimo sahihi kuliko lawama miaka hamsini. Fundi, andika: urefu mita 11.3 hivi, upana wa mbawa ncha hadi ncha mita 9.6.

#42 FundiBati_Igogo

Mita 9.6 haipiti kwenye geti langu. Tutachomelea mbawa nje barabarani, bodaboda watatuelewa.

#43 Mhimili_wa_Bawa

Nani kasema kuchomelea? Aloi ya ndege ina shaba ndani, ukiichomelea inapasuka pembeni ya mshono. Ribiti, mkuu. Maelfu.

#44 FundiBati_Igogo

Basi wewe uliye nje leta ribiti. Na usije na zile za kuvuta kwa mkono, nataka za kugonga.